Desemba Arusha Inapopungua Watu, Je, Themi Husafika?

Kuanzia katikati ya Desemba jiji la Arusha hupungua watu waziwazi. Mabasi na Noah za kwenda Moshi, Marangu, Rombo na Same hujaa tangu alfajiri, nauli hupanda, maduka mengi ya Kilombero na Soko Kuu hufungwa mapema, na mtu anayeishi karibu na mto Themi au Naura husikia kauli ileile kila mwaka: mto umepumzika, tazama maji yalivyokuwa meupe. Naipenda kauli hiyo, kwa kuwa ni ushahidi kwamba watu wa mjini bado wanautazama mto wao. Hata hivyo nimeshughulika na sampuli za maji kwa muda wa kutosha kujua kwamba ndani yake limefichika swali gumu, ambalo jicho peke yake haliwezi kulijibu. Ni shughuli zipi hasa zimepungua, wenye shughuli hizo wamekwenda wapi, na ni uchafu wa aina gani uliopungua pamoja nao?

Sehemu ya jibu naijua kwa sababu mimi ni mzaliwa wa Kibosho, kwenye miteremko ya mlima Kilimanjaro, na Desemba nami hupanda nyumbani. Wakati Arusha inapungua, mlima unajaa. Kila kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, kinapokea watoto na wajukuu kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na nje ya nchi. Mbuzi na ng'ombe wanachinjwa, utumbo unasafishwa, nguo na mablanketi yanafuliwa, na vyoo vilivyokuwa vikitumiwa na wazee wawili vinatumiwa na watu kumi na zaidi. Tulipokuwa wadogo mama zetu walitukataza kabisa kufua kwenye mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, kwa sababu majirani wa chini waliteka maji ya kunywa humohumo. Leo katazo hilo linatajwa zaidi kuliko linavyofuatwa, na mwezi wa sikukuu ndio linaposahaulika zaidi. Kwa hiyo katika bonde letu mara nyingi shughuli za binadamu hazipungui, bali zinahama. Themi na mito mingine inayoshuka kutoka Meru, pamoja na Kikafu, Weruweru na Karanga zinazoshuka kutoka Kilimanjaro, hatimaye huingia Kikuletwa, nayo Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, ambamo mto Pangani huanzia safari yake ya kwenda Bahari ya Hindi. Uchafu uliopungua mjini Arusha ukaongezeka Machame na Kibosho unafika kwenye bwawa lilelile, na mvuvi wa Nyumba ya Mungu hana sababu ya kushangilia.

Kwa nini watu wanaamini kwamba mto husafika mara tu binadamu anapotulia? Nadhani imani hiyo ilipata nguvu sana mwaka 2020. Ugonjwa wa Korona ulipofunga miji, picha za mifereji ya Venice ikiwa na maji maangavu zilizunguka dunia nzima, zikafika hata kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Ofisi ya meya wa Venice yenyewe ilieleza kwamba maji yalionekana maangavu kwa sababu boti zilikuwa chache na tope lilibaki chini bila kuvurugwa, jambo ambalo ni tofauti na kusema kwamba maji yalikuwa safi. Nchini India, ambako nchi nzima ilifungwa kuanzia tarehe 25 Machi 2020, watafiti walitumia picha za setilaiti kuchunguza ziwa Vembanad na wakakuta kwamba chembechembe zinazoelea majini zilipungua kwa wastani wa asilimia 15.9. Huo ni upungufu wa kweli, na ninauheshimu kwa kuwa ulipimwa. Lakini setilaiti huona rangi na ukungu wa maji. Haiwezi kuona bakteria wa kinyesi. Kwenye mto Ganges, sehemu zilizokuwa zikipokea maji ya viwanda zilipata nafuu, kwa sababu viwanda vilisimama, ila majitaka ya majumbani yaliendelea kuingia kila siku kama kawaida, kwa sababu hakuna amri ya serikali inayoweza kumzuia mtu aliyefungiwa ndani asiende chooni.

Kwetu hali ilikuwa tofauti. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alikuwa Arusha. Siku iliyofuata serikali ikatangaza kufunga shule. Mwezi Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa, zikaruhusiwa tena Mei 18. Vyuo na kidato cha sita wakarudi Juni 1, na shule nyingine zote Juni 29. Hatukufungiwa majumbani. Kilichokufa Arusha na Moshi ulikuwa utalii: watalii wa kimataifa walioingia nchini walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019, wakashuka hadi takriban 620,000 mwaka 2020. Magari ya safari yalipaki uani kwa miezi, na wapagazi wa mlimani wakarudi mashambani kwao.

Hapo ndipo mto ulipoguswa, kwa njia ambayo wageni wasingeifikiria. Gari linalorudi kutoka Serengeti na Ngorongoro linabeba vumbi na tope la barabara nzima, na huoshwa kabla halijapokea wageni wengine. Sehemu nyingi za kuoshea magari zimekaa kando ya vijito, kwa kuwa maji yapo na mteremko upo. Kinachotoka kwenye gari, yaani tope, sabuni, grisi na oili, kinashuka moja kwa moja. Magari yalipopaki, uchafu huo ulipungua bila ubishi. Nilimkuta kijana mmoja anayeosha magari karibu na Naura ameketi juu ya ndoo yake, nikamsalimia na kumuuliza hali ya kazi. Akaniambia, "Dada, mto umepona, sisi ndio wagonjwa." Sijasahau kauli yake, na tangu siku hiyo sikubali mtu anieleze mapumziko ya mto kana kwamba hayana mlipaji. Mapumziko ya mwaka ule yalilipwa na vijana kama yeye, na wala si wao wanaouchafua mto kuliko wote.

Ugumu mwingine ni kwamba miezi ile ilikuwa ya masika. Kuanzia Machi hadi Mei mito yetu hubeba maji mengi kuliko wakati mwingine wowote, na mvua za kipindi kile zilikuwa kubwa hata Ziwa Victoria likafikia kina kisichokuwa cha kawaida. Mvua kubwa hufanya mambo mawili yanayopingana. Inaongeza udongo, kwa hiyo maji yanakuwa mekundu hata kama hakuna mtu aliyeugusa mto. Na inazimua vitu vilivyoyeyuka, kwa hiyo kipimo kinashuka hata kama uchafu haujapungua. Chukua mto unaopitisha lita 200 kwa sekunde ukiwa na fosfeti, itokayo kwenye sabuni na mbolea, miligramu 3 katika kila lita: kila sekunde unapitisha miligramu 600. Mvua ikiongeza maji yakafika lita 600 kwa sekunde, kipimo cha maabara kitaonyesha miligramu 1 kwa lita, na mwenye haraka atasema mto umepona mara tatu, ilhali miligramu zilezile 600 zinapita kila sekunde kuelekea Nyumba ya Mungu. Ndiyo maana sampuli ya maji isiyoambatana na kipimo cha wingi wa maji yanayopita haiwezi kusema lolote la maana kuhusu shughuli za binadamu. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linalorukwa mara nyingi zaidi, hata katika taarifa zinazoonekana za kitaalamu.

Jambo la tatu ni vyoo. Watu wakikaa nyumbani, majitaka yanabaki nyumbani. Mtaa wenye nyumba zilizobanana kando ya mto, ambamo wengi wanategemea vyoo vya shimo na makaro, haupunguzi kinyesi chake kwa sababu hoteli zimefungwa. Unakiongeza, kwa kuwa watoto hawako shule na baba hayuko kazini. Mwaka ule tuliongeza pia ndoo za maji tiririka na sabuni kwenye kila mlango wa duka, jambo jema lililookoa watu, ila maji yake yalimwagwa mtaroni na mtaro unaishia mtoni. Kisha mvua inapopiga usiku, wapo wanaotapisha vyoo, yaani wanaofungulia kinyesi kiende na maji ya mvua. Kila mtu mtaani anajua nani anafanya hivyo. Tunasikia harufu, tunafunga dirisha, na asubuhi tunasalimiana kama kawaida. Hilo linaniuma kuliko oili yote ya gereji, kwa sababu kipindupindu na homa ya matumbo havitoki kwenye oili.

Ukitaka kuona kwa hakika mto unavyoitikia shughuli inapopungua, acha 2020 na utazame kahawa. Mlimani tuna jaribio linalojirudia kila mwaka bila mtu kulipanga. Kahawa mbivu huanza kuchumwa katikati ya mwaka na kuendelea hadi karibu na mwisho wake. Ikishachumwa inamenywa, inavundikwa ili ule ute mtamu ulegee, kisha inaoshwa kwa maji mengi. Maji yanayotoka hapo yana sukari, ute na maganda, na yanachachuka haraka hadi pH, yaani kipimo cha uchachu, inakaribia 4. Mto safi kwa kawaida hudai miligramu chache tu za oksijeni kwa kila lita ili bakteria wamalize chakula kilichomo, kwa kipimo kinachochukua siku 5 katika joto la nyuzi 20. Maji ya kuoshea kahawa hudai maelfu. Yakiingia kwenye kijito bila kutuama kwanza kwenye mashimo, bakteria wanafanya karamu, wanaitumia oksijeni yote, na umbali fulani kuelekea chini maji yanageuka kijivu, yananuka kama mbege iliyoharibika, na mawe yanavaa utando unaoteleza. Wazazi wetu walimenya kahawa kwa mashine ya mkono, kila kaya debe lake na maganda yake yakienda kwenye migomba. Leo mitambo ya kuchakata kahawa mbivu inakusanya kahawa ya kaya nyingi mahali pamoja, jambo linalopandisha ubora wa kahawa na bei yake, na papo hapo linakusanya maji machafu ya kaya zote hizo kwenye mtaro mmoja. Pale ambapo maji hayo yanaelekezwa kwenye mashimo na maganda yanarudishwa shambani kuwa mboji, kijito hakina taabu. Pale ambapo hayaelekezwi, msimu wote ni wa taabu.

Msimu ukiisha, shughuli inakoma kabisa, na hapo mto unaonyesha uwezo wake. Harufu inaondoka ndani ya siku chache. Maji ya mlimani yana kasi, yanapiga mawe, yanavuta hewa, na ni ya baridi. Na maji ya baridi hubeba oksijeni zaidi, kwa kuwa usawa wa bahari lita moja ya maji ya nyuzi 20 huweza kuchukua miligramu 9 hivi, na ya nyuzi 25 miligramu 8 na ushei. Utando unachukua wiki kadhaa kung'oka. Wadudu wa majini wanachelewa zaidi, kwa sababu lazima washuke kutoka sehemu za juu zilizo safi au wazaliwe upya.

Hao wadudu ndio ninaowaamini kuliko chupa yoyote ya sampuli. Sampuli inaeleza dakika ile uliyoichota. Mdudu anaeleza miezi aliyoishi pale. Kule juu, karibu na msitu, ukiinua jiwe lenye ukubwa wa sahani kutoka kwenye maji yanayokwenda kasi na kuligeuza, utaona viumbe bapa, vya rangi ya kahawia, vimejibana kwenye jiwe kama vimebandikwa, na mkiani vina nyuzi tatu nyembamba. Ubavuni mwao kuna vijimatamvua vinavyopepea. Hivyo ndivyo wanavyopumulia. Viumbe hawa wengi wao hawavumilii upungufu wa oksijeni. Shuka hadi chini ya mji wa Moshi, inua jiwe lililozama kwenye tope jeusi, na mara nyingi utakuta vijinyoo vyekundu vinavyojikunja na kujikunjua. Wekundu huo unatokana na himoglobini, ya jamii moja na iliyomo kwenye damu yetu, inayowawezesha kuishi mahali ambapo oksijeni imepungua sana. Nimewaonyesha wanafunzi wa shule za msingi mawe hayo mawili, na hawakuhitaji maelezo marefu. Tanzania ina mfumo wake wa kuupa mto alama kwa kuhesabu aina za wadudu hawa, unaoitwa TARISS. Hauhitaji mashine ya gharama, na ningependa kila shule iliyo kando ya mto iufahamu.

Kutokana na kahawa ninaona kwamba mto hulipa madeni yake kwa kasi tofauti. Deni la oksijeni hulipwa kwa saa au siku. Bakteria wa kinyesi hufa ndani ya siku hadi wiki kadhaa wakiwa kwenye maji yenye jua, ingawa waliozama kwenye tope hudumu zaidi na huibuka tena mafuriko yanapolivuruga. Fosfeti ya sabuni na mbolea hujishika kwenye udongo wa chini na kuachiliwa kidogo kidogo kwa miaka. Nitreti iliyozama hadi kwenye maji ya ardhini inaweza kuchukua miongo kabla ya kutokeza kwenye chemchemi. Metali nzito hazioi kamwe, hufukiwa tu. Wiki mbili za Krismasi, au miezi mitatu ya mwaka 2020, zinatosha kulipa deni la kwanza na kuanza la pili. Mengine yote yanabaki yalivyokuwa, hata maji yakiwa meupe kiasi gani.

Tena kuna jambo ambalo mapumziko ya binadamu hayaligusi hata kidogo. Maji ya upande wa Meru yana floridi inayotoka kwenye miamba ya volkano, na Maji ya Chai na Ngarenanyuki watu wana meno ya kahawia kwa sababu hiyo, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tukihama sote, floridi itabaki.

Shughuli ambayo watu hawaihesabu kabisa wanapozungumzia uchafu ni uchotaji wa maji. Wakati wa kiangazi mifongo na mifereji huchukua sehemu kubwa ya maji ya mto yakiwa bado juu, na kinachobaki kupita mjini ni kijito kidogo ambacho lazima kipokee mitaro yote. Uchafu uleule ukiingia kwenye maji machache unakuwa mkali zaidi. Ndiyo maana mto unaweza kuharibika mwezi Septemba bila mtu yeyote kuongeza uchafu, na unaweza kupata nafuu kubwa iwapo mifongo itafungwa usiku, wakati ambapo maji mengi humwagikia mashamba yaliyokwisha kulowa. Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo makao yake yako Moshi, hutoa vibali vya kuchota maji. Kila kibali, kwa maoni yangu, kingepaswa kutazamwa pia kama uamuzi kuhusu ubora wa maji ya walioko chini.

Sheria yetu nayo imejengwa juu ya wazo la kupunguza shughuli, ila kwa mahali badala ya wakati. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mlimani kuna mfano mkubwa zaidi: mwaka 2005 Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa ikameza msitu uliokuwa hifadhi ya misitu, na shughuli nyingi ndani yake zikakatazwa. Mtu anaweza kubishana juu ya namna wananchi walivyotendewa katika mipaka hiyo, na ubishi huo una haki yake, hasa kwa akina mama wanaotafuta kuni na majani. Lakini ukisimama mahali mto unapotokea msituni, hata siku ya mvua, utaona tofauti kati ya maji yaliyochujwa na mizizi na yale yaliyopita kwenye shamba lililolimwa hadi ukingoni. Ukanda wenye misesewe, mikuyu na mabingobingo unazuia udongo, na udongo ukizuiwa fosfeti iliyojishika nayo inazuiwa. Kivuli kinapoza maji, na maji yaliyopoa yanabeba oksijeni. Mapumziko ya namna hii, ya mahali padogo yanayodumu miaka yote, yana thamani kubwa kuliko mji mzima kusimama kwa miezi mitatu.

Ninalosema kwa uzito wote ni kwamba hatuwezi kuuponya mto kwa kungoja watu wapungue, kwa sababu hawatapungua. Sensa ya 2012 ilikuta jiji la Arusha lina watu wapatao 416,000. Ya 2022 ikakuta 617,000. Mto Thames ndani ya London ulitangazwa mwaka 1957 kuwa umekufa kibayolojia, na samaki walirudi baada ya mitambo ya majitaka kujengwa upya, huku mamilioni ya watu wakiendelea kuishi kando yake. Arusha imejengewa mabwawa mapya ya majitaka kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na Moshi ina mabwawa yake Mabogini. Mabwawa hayo yanasafisha maji yanayoyafikia tu. Nyumba isiyounganishwa na bomba, au isiyoita gari la majitaka kwa sababu hana uwezo mwenye nyumba, iko nje ya hesabu hiyo. Fedha ya kumuunganisha mpangaji wa chumba kimoja kando ya Naura ingefanya kazi ambayo Korona haikuifanya.

Hata hivyo nisingependa Desemba ipite bure. Siku ambazo mji umepungua ni nafasi ya kujifunza ni uchafu upi unatoka wapi, mradi tupime inavyostahili: sehemu tatu kwenye mto mmoja, yaani juu ya makazi, katikati ya mji na chini yake, wiki ya kwanza ya Desemba, wiki ya Krismasi, na wiki ya pili ya Januari, kila mara saa ileile ya asubuhi, pamoja na kina na kasi ya maji, joto, oksijeni, bakteria wa kinyesi, na kumbukumbu ya mvua ya siku tatu zilizotangulia. Sampuli kama hizo zichukuliwe pia kwenye kijito kimoja cha Kibosho au Machame, ambako wiki hiyohiyo watu wanakuwa wengi kuliko wakati wowote wa mwaka. Bakteria wakishuka Themi na kupanda mlimani, tutajua kwamba wanafuata watu. Wasiposhuka Themi hata mji ukiwa mtupu, basi chanzo ni mashimo yaliyojaa na tope la zamani, na hapo mwenye dhamana ya majitaka atakuwa na la kujibu Januari, kabla masika hayajaja kufuta ushahidi.